Tarehe 13 Juni na kofia ya mdogo wangu
Nikiri jambo. Hizi siku za kutangazwa nilikuwa nazicheka. Leo maji, kesho choo, keshokutwa nyuki, na kila moja ina fulana zake na mgeni rasmi anayechelewa.

Jana nikamsindikiza mdogo wangu hapa Moshi kwenye Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino. Yeye ana ualbino, mimi sina, na tangu utotoni tunaulizwa kama kweli ni mama mmoja.

Turubai, spika, viti vya plastiki. Mgeni rasmi kachelewa (nilisema). Wingu limefunika mlima tangu asubuhi, baridi ya Juni mnaijua, nami nikamwambia mdogo wangu, "Leo kofia ya nini?" Mama mmoja wa mbele yetu akageuka: "Mwanangu, wingu halizuii miale. Mpake." Akatoa kopo la Kilisun, yale mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapahapa hospitali ya KCMC. Nimekua na mdogo wangu nyumba moja, hilo la wingu sikulijua. Niliona aibu.

Umoja wa Mataifa uliitangaza siku hii Desemba 2014, ikaanza kuadhimishwa 2015. Zamani ningesema ni karatasi tu. Sasa kwenye haisi ya kurudi, konda akamwita mdogo wangu "zeruzeru". Mzee mmoja akamkatiza: "Sema mtu mwenye ualbino. Tena ana jina, muulize."

Konda akauliza kweli. Nauli hakutupunguzia, lakini.