Nilivyokagua katalogi ya maktaba yetu baada ya kupoteza wiki nzima na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu

Wakutubi wenzangu nimemaliza ukaguzi na nina furaha kweli, acha niwaeleze. Nipo maktaba ya chuo kimoja hapa Moshi, tunatumia Koha, programu ya kuendesha maktaba, na mkuu wetu alitaka kujua rekodi za mtandaoni ziko sawa au la. Kaka mmoja mzoefu akaniambia "we hesabu rekodi zenye ISBN, zikiwa nyingi basi katalogi iko vizuri". Wiki nzima hiyo ikaenda bure! Vitabu vya katikati ya miaka ya 60 kurudi nyuma havina hiyo namba kabisa, kwa hiyo rekodi nzuri tu zikaonekana mbovu, halafu nakuta nyingine ina ISBN safi ya tarakimu 13 ila 245, sehemu ya rekodi ya kuandika jina la kitabu, imejazwa jina la kwenye jalada wakati linatakiwa litoke ukurasa wa jina ndani. Ushauri ule umeniudhi mpaka leo.

Nikaanza upya. Namba zote za bakodi nikazitoa nikaweka Excel, kila mstari nikaupa namba ya bahati nasibu, nikapanga, nikachukua 200 za juu nikaenda kuzitafuta rafuni. Halafu kinyume chake, vitabu 200 vya rafuni nikavitafuta kwenye katalogi. Jamani msifanye upande mmoja, maana upande wa kwanza unaonyesha rekodi ambazo vitabu vyake vimepotea na wa pili ndio unakupa vitabu ambavyo mwanafunzi hawezi kuviona hata akeshe. Na rafuni usichague kwa macho, mkono utaenda kwenye vipya. Mimi niliandika kabla, rafu ya ngapi, kitabu cha ngapi kutoka kushoto.

Sasa kilichonisaidia kuliko vyote ni hiki. Nilimwita dada mmoja wa mwaka wa pili, nikampa kitabu akiangalie kidogo, nikakichukua, nikamwambia haya kitafute kwenye kompyuta. Akaandika "shaban robert", a moja. Sifuri! Nikakaa pale pale nikaangalia, kumbe jina lile tunalo kwa sura tatu, Robert, Shaaban halafu Shaaban, Robert na Shaaban Robert bila mkato, na kila sura ina vitabu vyake, mtu akipata kimoja anadhani ndo basi. Nikamwambia sasa tafuta kitabu cha historia ya Moshi. Yakaja majiko ya kuni na magonjwa ya kifua, moshi wa jikoni huo, maana kitabu cha mji hakikuwa na 651, sehemu ya rekodi inayotaja mahali kitabu kinapozungumzia. Mimi ningekagua peke yangu nisingeona haya, nimezoea kuandika kikutubi.

Marekebisho tulichagua sura moja ya jina, nyingine zote tukaziweka kama "tazama" kwenye rekodi ya mamlaka, ile inayotunza sura rasmi ya jina pamoja na sura zake nyingine, hata ile ya a moja. Kwenye Koha kuna mahali pa kuwasha ili hizo "tazama" nazo zitafutike, na ukishawasha lazima uindeksi upya, yaani Koha ijenge upya orodha yake ya kutafutia, sisi tulisahau tukahangaika siku mbili. Gharama ni fotokopi na soda za wanafunzi, kama elfu thelathini hivi.

Juzi yule dada kapita, nikamwambia andika kama siku ile. Kaandika kwa a moja vilevile, vikatoka vyote.