Siku moja kwenye kitalu cha migomba ya chupa, Dodoma

Saa 12 asubuhi. Migomba ya chupa ni miche iliyooteshwa maabara, ndani ya chupa, na leo mizizi yake inachovywa kwenye bakteria rafiki. Kazi ya kwanza ni maji, bakteria baadaye. Ndoo za maji ya bomba zimekaa wazi tangu jana jioni ili klorini iruke. Klorini huwekwa kuua vijidudu na haitofautishi adui na rafiki. Ukichota bombani na kuzimulia mchuzi wa bakteria (maji ya chakula walimokuzwa) papo hapo, unaweza kuwapoteza baadhi yao kabla miche haijachovywa.

Saa 2. Kuhesabu. Sahani ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria) iliyokaa siku mbili kwenye nyuzi 30 ina koloni, yaani vidoa vya bakteria, 52 za Bacillus subtilis, bakteria wetu rafiki, zilizotoka kwenye ml 0.1 ya mchuzi uliozimuliwa mara milioni 1. Kila ml ya mchuzi, basi, ina bakteria milioni 520. Kiwango tunachotaka ni kama milioni 100: lita 1 ya mchuzi, lita 4 za maji. Mchuzi kuwa mzito machoni si ushahidi. Bakteria waliokufa nao huufanya mzito.

Saa 3. Miche ya Grand Naine, aina ya ndizi, inatoka chupani. Jani ni jepesi kama ngozi ya kitunguu, mizizi myeupe, jeli ya chupani imeng'ang'ania shingoni. Hapo ndipo pa kusugua kwa kidole, taratibu, ndani ya maji ya vuguvugu. Jeli ina sukari. Ikibaki, kuvu huila kwanza kisha huhamia kwenye mche, na shingo inaoza.

Mche huu umekulia mahali pasipo na kijidudu chochote. Mzizi wake ni kiwanja kisicho na mwenyewe: anayetangulia ndiye anayejenga. Bacillus akitangulia, huchochea mizizi midogo kuongezeka na hutoa kemikali zinazozuia kuvu. Ugonjwa wa mnyauko ulioingia tayari hautibu, hata muuzaji aseme nini.

Mizizi inakaa kwenye mchuzi dakika 30, kivulini. Trei moja ya kulinganishia inachovywa kwenye mchuzi uleule uliopikwa kwenye sufuria ya presha hadi bakteria wote wafe, maana mbegu za Bacillus huhimili kuchemshwa kwa kawaida. Wengi hutumia maji tu, halafu husifu bakteria kwa kazi iliyofanywa na chakula kilichomo kwenye mchuzi.

Saa 5. Kupanda kwenye udongo uliopikwa kwa mvuke na kupoa kabisa, kisha chini ya nailoni.

Saa 8 mchana. Upepo mkavu wa Dodoma. Unyevu wa hewa chini ya nailoni usishuke chini ya asilimia 80, maana vitundu vya kupumulia vya majani haya bado havijui kujifunga. Nyunyiza ukungu mwembamba. Ukiujaza udongo maji, mizizi inakosa hewa.

Saa 11 jioni, jua likipoa, miche ya wiki ya pili inapata ml 10 za mchuzi shinani. Dawa ya kopa (shaba) haigusi trei hizi, maana huua bakteria pia.

Saa 12. Ndoo zinajazwa tena, zinafunikwa neti tu.