Gavana aliyesema hapana peke yake

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno la wiki hii ni Kutoka 23:2, "Usiandamane na mkutano kutenda uovu", na nilivyokaa nalo nikamkumbuka Mark Hatfield, Mbaptisti wa kule Marekani, alikuwa gavana wa Oregon toka 1959 mpaka 1967 alafu akakaa seneti miaka 30.

Mwaka 1966 magavana walikutana Los Angeles, likaletwa azimio la kuunga mkono vita vya Vietnam. 49 wakakubali, yeye peke yake akakataa. Na mwaka huohuo ndo alikuwa anagombea useneta! Wananchi wengi bado walikuwa wanaitaka ile vita, mpinzani wake naye alikuwa anaiunga mkono, yaani kwa hesabu za siasa alikuwa anajimaliza mwenyewe, ila akashinda.

Mi naamini ile hapana ilianzia mbali. Septemba 1945, akiwa ofisa kijana wa jeshi la majini, katoka vitani kwenye visiwa vya Iwo Jima na Okinawa ambako Wajapani ndo walikuwa adui, alifika Hiroshima mwezi mmoja tu baada ya bomu, mji wote kifusi, na yeye na wenzake wakatoa chakula chao cha mchana, sandwichi tu, wakawagawia watoto waliowakuta pale. Baadae alisimulia kwamba alihisi kabisa chuki inamtoka.

Hakuwa malaika. 1992 kamati ya maadili ya seneti ilimkemea kwa kutotangaza zawadi alizopokea, na hilo tusilifiche.

Ila 1995 chama chake cha Republican kilitaka kuweka kwenye katiba sharti kwamba serikali isitumie kuliko inachokusanya, ilibaki kura moja tu kufika theluthi mbili inayotakiwa seneti, na yake hakuitoa. Akamwambia Bob Dole, kiongozi wao pale seneti, niko tayari kujiuzulu, idadi ya maseneta ipungue mpate theluthi mbili yenu, lakini kura ya ndiyo sipigi. Dole akakataa. Hapo ndo nimekwama wiki nzima, maana wengi wetu msimamo tunao mpaka kiti kiguswe, mtu yuko kamati ya ujenzi ya kanisa, anajua kabisa zile risiti hazieleweki, na bado ananyoosha mkono na wenzake kwa vile mwenyekiti anamwangalia.

Tuwaombee wenye vikao wiki hii, kanisani, kazini, kijijini. Na ukimjua mmoja aliyebaki peke yake kwa ajili ya haki, mpigie simu leo.