Ile "Sawa." yenye nukta, na kesi niliyoiendesha kichwani wiki tatu

Nina rafiki yangu tumetoka naye mbali, miaka kumi na zaidi. Siku moja nikamtumia meseji ndefu ya kumwomba ushauri kuhusu kuacha kazi, yaani niliandika nikafuta nikaandika tena, mle ndani kuna mambo hata ndugu zangu sikuwa nimewaambia. Akajibu baada ya masaa manne. Neno moja tu: "Sawa." Na nukta mwishoni, na huyu jamaa nukta huwa haweki kabisa, hata koma sidhani kama anaijua.

Basi hapo ndo shughuli ikaanza. Siku ya kwanza nikajiambia yuko bize. Ya pili nikasema amekereka, mtu gani kila siku analalamika. Kufika siku ya nne nilikuwa nimeshafukua makaburi: mwaka uliopita niliumwa akachelewa kuja kuniona, kuna picha kapiga na wenzake mimi sikuitwa, na kuna siku nilikosea kutamka neno mbele za watu yeye ndo akawa wa kwanza kucheka. Kesi ikakamilika, huyu mtu hajawahi kunipenda, alikuwa ananivumilia tu. Mwendesha mashtaka mimi, shahidi mimi, hakimu mimi, na mshtakiwa hata hana habari kwamba kuna mahakama. Mpaka methali nikazileta kama ushahidi, kimya kingi kina mshindo mkuu, lisemwalo lipo, aisee wahenga wametuachia methali za kila upande, ukitaka kumfunga mtu hukosi ya kumfungia.

Wiki tatu hizo. Akinisalimia namjibu kwa mkato, na mimi nikaanza kuweka nukta.

Kilichonishtua ni usiku mmoja, saa tisa, niko macho nimelala chali, nagombana naye kichwani. Mimi nasema, yeye ananijibu, mimi namkatisha. Kuna jibu alinipa la dharau sana, nikahisi moyo unaenda mbio na mikono imekunja ngumi, halafu ndo likanijia kwamba hilo jibu nimelitunga mimi. Maneno yangu, sauti yangu nimemvalisha yeye, na hasira ni ya kweli kabisa. Nikakaa kitandani nikajicheka, ila kicheko kile hakikuwa cha furaha.

Nikaamua nisiwaze tena hiyo habari. Kosa. Nilivyokuwa najikataza ndo ilivyokuwa inarudi, naoga iko, nafunga viatu iko. Baadaye nikaja kusoma kwamba mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasifikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na akiwajia wagonge kengele. Kengele ziligongwa weee. Na waliporuhusiwa sasa wamfikirie, walimfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Ukikikataza kichwa kitu lazima kiendelee kuchungulia kama hicho kitu kipo, na kuchungulia kwenyewe ndo kukiita. Kwa hiyo yeyote anayekwambia "acha tu kuwaza" mwambie asante, usibishane naye.

Ila lililonivunja nguvu kabisa, kwa uzuri lakini, ni jaribio lingine, la wanasayansi wa ubongo Michael Gazzaniga na Joseph LeDoux miaka ya 1970. Kulikuwa na wagonjwa wa kifafa waliofanyiwa upasuaji wa kukata ule mshipi unaounganisha nusu mbili za ubongo, ili kupunguza degedege, kwa hiyo unaweza kuonyesha picha upande mmoja na upande wa pili usijue. Mmoja alionyeshwa ukucha wa kuku kwenye ubongo wa kushoto, huo ndo wenye kuongea, na wa kulia ukaonyeshwa theluji imejaa nje ya nyumba. Akaambiwa achague picha zinazoendana na alichoona. Mkono wa kulia, unaoongozwa na ubongo wa kushoto, ukachagua kuku, na wa kushoto, unaoongozwa na ubongo wa kulia, ukachagua beleshi, la kuzolea theluji, safi kabisa. Akaulizwa kwa nini beleshi? Sasa ule upande unaoongea haujaona theluji hata chembe. Hakusema sijui. Hapo hapo akajibu kwamba ukucha ni wa kuku, na beleshi unalihitaji kusafishia banda la kuku.

Nilisoma hiyo mara tatu. Jamaa hadanganyi, anaamini anachosema. Kichwa kimekuta pengo, kimeziba kwa kilichokuwa karibu, na mwenye kichwa hakusikia hata mshono ukipita. Mimi pengo langu lilikuwa kwamba sijui kwa nini kajibu neno moja, na banda la kuku nikalijenga la ghorofa.

Nikaanza kuandika. Mwanzoni niliandika vibaya, nilichukua daftari nikamwaga yote, kurasa nne, nikamaliza nina hasira mara mbili maana sasa kesi imechapwa. Kesho yake ndo nikachukua bahasha ya zamani, nikapiga mstari katikati upande wa nyuma. Kushoto naweka kile tu ambacho kamera ingekiona. Kulia naweka kilichobaki. Sasa jaribu uone, ni kazi. Niliandika kushoto "amenidharau", nikajiuliza kamera inaonaje dharau? Nikakata. Nikaandika "amejibu kwa ubaridi". Nikakata tena. Mwisho wa siku kushoto ikabaki mistari miwili:

Nimemtumia meseji ndefu.
Kajibu Sawa.

Na kulia kulijaa mpaka nikapindishia maandishi pembeni kwenye gundi ya bahasha. Nilikaa nayo ile bahasha muda mrefu kidogo.

Lingine lililonisaidia ni la kijinga ukilisikia. Nikiwa na mawazo najiita kwa jina langu, kimoyomoyo, kama namsemesha mtu mwingine: we fulani, unaogopa nini hapo? Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walilichunguza hili mwaka 2014, watu wakapewa muda mfupi wajiandae kutoa hotuba, waliojisemesha kwa jina lao walifanya vizuri zaidi na hawakuteseka sana baadaye kuliko waliosema mimi, mimi, mimi. Kwangu inafanya kazi kama nusu ya siku hivi. Nikiwa na njaa haifanyi kazi kabisa.

Halafu nikamuuliza, na hiyo ndo sehemu niliyoichelewesha kuliko zote. Nilimwambia, "Kaka, ile meseji yangu ya kazi, ulinijibu sawa tu, nilikukwaza?" Akasema ipi? Akatoa simu, akapandisha, akapandisha, akaisoma yote mbele yangu bila kusema kitu. Akasema, "Hii niliisoma kweli? Mbona sikumbuki." Na ile nukta je? Akacheka, akanionyesha, ukigusa kitufe cha nafasi mara mbili simu inaweka nukta yenyewe.

Ningependa kusema nilifurahi. Kiukweli kuna kitu kilinichoma tofauti: wiki tatu namtengenezea uadui na yeye siku ile hakuwa ananiwazia lolote, si baya si zuri. Katika hadithi zangu zote hiyo haikuwepo, maana mtunzi hawezi kutunga hadithi ambayo yeye mwenyewe hayumo. Tulikaa tukaongea habari ya kazi saa nzima, akaomba msamaha, nami nikaomba, ingawa hakuelewa mimi naomba wa nini.

Na nisiwadanganye, kuna wakati hadithi inapatia. Bosi wangu wa kipindi kile alianza kunikwepa, kichwa kikasema mkataba wako hauongezwi, na kweli haukuongezwa. Hii moja iliyopatia ndo inayoniharibia, kila nikitaka kukipuuza kichwa kinaniambia unakumbuka ile ya bosi? Lakini hata pale kilikuwa kimeniambia sababu ni kwamba sijui kazi, nikaenda nimejikunyata, na kumbe kitengo chote kilikuwa kinafungwa, watu sita tuliondoka pamoja. Tukio kilipatia, sababu kikajenga banda la kuku.

Siku hizi bahasha za zamani sizitupi, ziko kwenye droo. Leo asubuhi nimemtumia jamaa meseji, tiki zimekuwa za bluu tangu saa tatu na sasa giza linaingia hajajibu. Upande wa kushoto nimeandika mstari mmoja. Wa kulia kichwa kiko kwenye hadithi ya tatu, nakisikiliza huku napiga pasi, na hii ya tatu nayo kimeitunga vizuri.