Ramani mbili, panya mmoja
Wiki mbili nimehangaika na rangi ninayodunga kwenye ubongo wa panya wa maabara, inatua nje ya hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu), nikailaumu sindano weee! Kumbe kosa langu. Namba za mahali pa kudunga nilizitoa kwenye atlasi ya Allen, ramani ya ubongo wa panya, nikazipeleka kwenye fuvu kama zilivyo. Ramani nyingine, atlasi ya Paxinos na Franklin, huhesabu kuanzia bregma, pale maungio ya mifupa ya fuvu yanapokutana. Ya Allen ni wastani wa bongo za panya 1,675, haina fuvu wala bregma. Sifuri yake iko kwenye kona ya mchemraba wa picha zake. Tena ubongo wake umeinama takriban digrii 5 ukilinganisha na ule wa Paxinos. Sasa nakadiria bregma, nazungusha namba kufidia mwinamo huo, ndipo natoboa fuvu. Jana nimekata vipande vya ubongo: rangi imo ndani ya CA1, eneo mojawapo la hipokampasi. Chapati za maabara leo juu yangu.