Jumapili yangu Baalbek, mtoto mgongoni

Saa kumi na moja alfajiri niko jikoni hapa Beirut, nachemsha maziwa ya mtoto huku napanga begi, pampasi, kofia, nguo za kubadilisha. Jana usiku Madam, bosi wangu, alisema tu "kesho tunaenda Baalbek", ule mji wa magofu ya Warumi huku Lebanon, nikajua ofu yangu imeenda hivo, na nilikua nishaambia wenzangu tutakutana kanisani.

Saa moja tuko njiani. Si mbali, kama kilomita 85, lakini mnapanda mlima mpaka masikio yanaziba alafu mnashuka bonde la Bekaa, mashamba kila upande. Chtaura wakanunua sandwichi za labneh, ile mtindi mzito wa huku, mtoto akanitapikia begani, tuendelee.

Saa nne tukafika na jamani, zile nguzo za hekalu la Jupiter, mungu mkuu wa Warumi! Zilikua 54 zimebaki sita, urefu mita 20 hivi, nikajaribu kukumbatia kipande cha moja iliyoanguka mikono yangu haikufika hata robo. Chini kuna kichwa cha simba kilichodondoka kutoka juu, maji ya mvua ya paani yalikua yanatokea mdomoni mwake, mtoto akaingiza kidole humo akakataa kukitoa.

Shida ni ngazi. Kigari hakipandi ngazi za Warumi, nikatoa leso yangu nikamfunga mgongoni, Madam akashtuka kwanza alafu akatoa simu akatupiga picha.

Kwa ule ua mkubwa nikasimama karibu na kikundi cha watalii nisikilize mwongoza watalii wao bure. Akasema hizi nguzo za graniti ya pinki hazikuchongwa hapa, zilitoka Aswan, Misri. Yaani zikashuka na Nile, zikavuka bahari, alafu zikavutwa kupanda hii milima yote tuliyopita na gari tukilalamika! Na Nile si ndo maji ya ziwa letu? Nikaweka mkono, baridi, laini kama kigae. Nikaiuliza polepole, na wewe pia ulikuja kazi? Mtoto akacheka, sijui alielewa nini.

Hekalu la Bacchus, mungu wao wa mvinyo, ndo limesimama karibu lote, kuna nguzo imeanguka ikaegemea ukuta mpaka leo, kama mtu amechoka.

Saa nane tukala sfiha, ni kama sambusa iliyokataa kufungwa, tamu sana. Tukapitia kwa machimbo kuona lile jiwe wanaita la mja mzito, tani karibu 1,000, walilichonga likawashinda kutoa. Hilo nalielewa.

Saa mbili usiku tuko nyumbani, wao wamelala, mimi na vyombo na leso ya kufua. Saa nne nikapigia mama, nikamwadithia yote, akaniuliza sasa picha iko wapi. Nikamwambia iko kwa simu ya Madam, nimeomba anitumie, bado.