Kinyama cha Haja Kubwa: Kukata ni Dakika, Kupona ni Wiki

Jumapili jioni, Dar.

Mjini hapa kila kinachochomoza njia ya haja kubwa huitwa bawasiri, na kikishaitwa hivyo kinatafutiwa dawa ya kupaka. Lakini kinyama cha ngozi kinachoota hapo hakisikii dawa ya kupaka. Ni ngozi iliyolegea baada ya uvimbe kunywea: bawasiri ya nje iliyoganda damu, mpasuko wa muda mrefu kwenye njia hiyo, au ujauzito. Ni laini, kina rangi ya ngozi, na si saratani. Kisipokusumbua, kiache. Kikishika kinyesi, kikiwasha, au ukiwa hukipendi tu, kiondolewe. Hiyo ya mwisho nayo ni sababu tosha.

Ila kwanza daktari akague, kwa macho na kwa kidole chenye glavu. Vinyama vingi vyenye vichwa kama koliflawa huenda ni masundosundo, yanayoletwa na kirusi cha HPV, na tiba yake ni nyingine. Kigumu au chenye kidonda kinapelekwa maabara. Kinyama kilichoota mdomoni mwa mpasuko kikikatwa peke yake, maumivu yanabaki palepale.

Chumba cha upasuaji mdogo hakina makubwa. Unalala ubavu, magoti kifuani, unachomwa ganzi. Hiyo sindano ndiyo inayouma, tena kwa sekunde chache. Kisha mkasi au kifaa cha umeme, na ndani ya nusu saa umemaliza, unarudi nyumbani. Vikiwa vingi, daktari makini huacha ngozi nzima kati ya kidonda na kidonda, au huvigawa kwa awamu mbili. Akikata kuzunguka mduara wote, kovu linaweza kubana njia. Mara nyingi kidonda hakishonwi. Si kwamba umesahauliwa: kikiwa wazi, majimaji yanatoka, uchafu haufungiwi ndani. Na kukifunga kinyama uzi nyumbani ili kikatike ni kualika usaha.

Kazi kubwa ni choo cha kwanza. Watu wanakiogopa, wanakibana siku tatu, kinakuwa kigumu, kinachana kidonda upya. Anza laktulozi, dawa ya kulainisha choo, mapema, kula papai, maharage na mchicha, kunywa maji hasa kwa joto letu hili. Maumivu: parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Dawa za maumivu zenye kodeini zinafunga choo, kwa hiyo ziepuke.

Kila baada ya choo kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Maji matupu yanatosha. Dawa ya kuua vijidudu inachoma na kuchelewesha kupona. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, usisugue. Chupi iwe ya pamba, maana jasho la Dar halina huruma. Bodaboda isubiri.

Matone ya damu na majimaji ya manjano ni kawaida, na kidonda hufunga kwa wiki mbili hadi nne. Damu inayotiririka, homa, usaha au mkojo kugoma kutoka: hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.